Kunyongwa kwa risasi ya mwenzake: jibu kwa mwalimu wa Tukuyu

Swali: "Wakili, nimetazama filamu ya Kiingereza ya mwaka 1991 inayomhusu Derek Bentley, kijana aliyenyongwa London mwaka 1953 ilhali polisi aliyekufa alipigwa risasi na mwenzake. Tangu siku hiyo sina amani. Nina mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 20, mzito wa kuelewa, hajui kusoma, lakini ni mwepesi wa kuwafuata wenzake popote wanapomwita. Imekuwaje aliyepiga risasi akapona, na ambaye hakushika bastola akanyongwa? Na je, kwa sheria zetu, jambo kama hilo linaweza kumpata mdogo wangu hapa Tukuyu?"

Mwalimu, nianze na swali lako la pili, kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Jibu lake ni ndiyo, linaweza kumpata. Siyo kwa sura ileile, na kamba yenyewe haijatumika nchini kwetu tangu mwaka 1994, lakini njia iliyompeleka Derek Bentley kwenye chumba cha kunyongea bado iko wazi katika sheria za Tanzania Bara, na kijana mwenye tabia unazozieleza anaweza kuipita yote bila kujua yuko wapi. Nitakueleza njia hiyo kwa urefu, kwa kuwa anayeijua anaweza kumkinga mtu wake mahali palepale inapoanzia.

Usiku wa Jumapili, tarehe 2 Novemba 1952, Bentley mwenye umri wa miaka 19 na rafiki yake Christopher Craig mwenye miaka 16 walipanda juu ya paa la ghala la peremende huko Croydon, kusini mwa London, wakitaka kuvunja na kuiba. Msichana mdogo aliwaona kutoka nyumba ya upande wa pili, polisi wakaitwa. Craig alikuwa na bastola. Bentley alikuwa na kisu na chuma cha kuvaa vidoleni alichopewa na Craig usiku huohuo, na hakuvitumia vyote viwili. Askari wa kwanza kupanda, Frederick Fairfax, alimkamata Bentley, kisha akajeruhiwa begani kwa risasi ya Craig. Takribani dakika 15 baadaye, Bentley akiwa tayari mikononi mwa polisi, askari mwingine aitwaye Sidney Miles alitokea kwenye mlango wa paa, akapigwa risasi na kufa papo hapo. Bentley hakufungwa pingu wala kamba, na muda wote huo hakukimbia wala hakumdhuru mtu. Risasi zilipomwishia, Craig alijirusha kutoka juu ya paa akavunjika uti wa mgongo, lakini akabaki hai.

Wote wawili walitiwa hatiani kwa mauaji. Craig hakunyongwa kwa sababu moja tu: alikuwa hajafikisha miaka 18. Aliwekwa kizuizini kwa ridhaa ya Malkia, akaachiwa mwaka 1963. Bentley alikuwa ameshavuka mstari huo, na kwa mtu mzima aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya namna ile, sheria ya Uingereza wakati ule ilikuwa na adhabu moja tu. Madaktari waliompima walikadiria kwamba akili yake ilikuwa sawa na ya mtoto wa miaka 11. Alikuwa na kifafa, hakujua kusoma, na jina lake mwenyewe aliliandika kwa taabu. Hakuna lolote kati ya hayo lililomsaidia mbele ya kalenda.

Hapa kwetu mstari umechorwa mahali palepale, na si ajabu, kwani Kanuni yetu ya Adhabu ilitungwa wakati wa Mwingereza. Hata siku Bentley anahukumiwa, Tanganyika ilikuwa chini ya utawala huohuo. Anayeua kwa kukusudia akiwa na umri wa chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo, bali huwekwa kizuizini kwa ridhaa ya Rais. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikwenda mbali zaidi ikakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani, ikaanzisha Mahakama ya Watoto, na ikataka mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii awe karibu na mtoto anaposhitakiwa. Sisi wa Mbeya tuna bahati ya kuwa na mahabusu ya watoto mkoani, na Shule ya Maadilisho ya Irambo iko hapahapa kwetu. Ndiyo maana katika kesi za vijana tunapigania sana vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na hata vyeti vya ubatizo vya Moravian vilivyofifia wino. Lakini mdogo wako ana miaka 20. Milango yote hiyo imefungwa kwake, hata kama ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, yaani inawezekanaje mtu akahesabiwa ameua kwa mkono wa mwingine. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatendeka kosa ambalo kwa hali yake lilitarajiwa kutokea, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Ni kifungu chenye maana, nami sikilaumu chenyewe. Mtu anayewapeleka wenzake na mapanga kwenye nyumba ya watu, kisha yeye akabaki nje akilinda njia, hawezi kusema mikono yake ni safi. Ugumu unakuja kwenye maneno mawili: "nia" na "kutarajiwa". Ili uyajibu lazima uingie ndani ya kichwa cha mshtakiwa, ujue alifahamu nini kabla ya tukio. Je, alijua mwenzake ana silaha? Alielewa kwamba silaha hiyo ingeweza kutumika? Na pale alipokamatwa, je, nia ile ya pamoja iliendelea au ilikufa? Majibu ya maswali haya huwa hayako kwenye paa. Yako kwenye karatasi iliyoandikwa kituoni saa chache baadaye, na kwenye maneno machache ambayo mtu mmoja anadai kuyasikia.

Maneno machache ya kesi ya Bentley umeyasikia kwenye filamu. Polisi walisema kwamba Fairfax alipomtaka Craig akabidhi bastola, Bentley alipaza sauti akasema maneno ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyaweka hivi: "Mpe, Chris." Kiingereza chake kina maana mbili, na Kiswahili chetu kimezibeba zote mbili bila kupungukiwa. Ukisikia "Mpe!" kwenye ugomvi sokoni Mwanjelwa, umesikia mtu akichochea ngumi. Ukilisikia kutoka kwa mama anayemtaka mtoto amrudishie mwenzake mpira, umesikia amani. Upande wa mashtaka ulisema Bentley alikuwa akimwambia mwenzake apige. Wengine wameona kwamba, kama aliyasema, huenda alikuwa akimsihi aikabidhi ile bastola. Bentley na Craig wote walikana kiaponi kwamba maneno hayo yalitamkwa. Mwalimu, nakuomba ulitazame hilo kwa makini: uhai wa kijana ulitegemea tafsiri ya sentensi fupi ambayo hata kutamkwa kwake kulikuwa na ubishi.

Lakini kwangu mimi, jambo zito kuliko "Mpe" ni maelezo yake ya kituoni, nawe utaniwia radhi nikikaa hapo kidogo.

Polisi waliapa mahakamani kwamba maelezo ya Bentley yalikuwa simulizi yake mwenyewe, aliyoitoa kwa kinywa chake huku wao wakiandika neno kwa neno bila kumuuliza swali. Miaka mingi baadaye, mtaalamu wa lugha Malcolm Coulthard aliyachambua, na uchambuzi wake ukawekwa mbele ya Mahakama ya Rufani. Aliona mambo mawili ambayo mwalimu wa lugha kama wewe utayaelewa mara moja. La kwanza, maelezo yamejaa sentensi za kukanusha: hakuwa na bastola, hakujua kwamba mwenzake angeitumia. Mtu anayesimulia tukio husema yaliyokuwapo. Yasiyokuwapo huyataja pale tu anapoulizwa. Nyuma ya kila "sikujua" kuna swali lililofutwa. La pili ni neno la Kiingereza linalolingana na "kisha" au "ndipo". Katika maelezo yasiyofika maneno 600, neno hilo lilijitokeza mara zisizopungua 10, na mara nyingi lilikaa baada ya nafsi, mahali ambapo watu wa kawaida hawaliweki wanapoongea. Askari wanapoandika ripoti zao ndivyo wanavyoliweka. Sauti ndani ya karatasi ilikuwa ya kituo cha polisi, na sahihi iliyo chini yake ilikuwa ya kijana asiyejua kusoma.

Niliposoma uchambuzi huo kwa mara ya kwanza nilifunga faili nikakaa kimya, kwa sababu karatasi ya namna hiyo nilikuwa nimeishika mikononi mwangu. Miaka kadhaa iliyopita mahakama ilinipangia kumtetea kijana mmoja wa milimani huku kwetu, aliyeshitakiwa pamoja na wenzake wawili kwa kifo cha mlinzi wa duka. Maelezo yake ya onyo yalianza hivi: "Mnamo tarehe tajwa majira ya saa mbili usiku nikiwa maeneo ya nyumbani kwangu, ndipo alipofika mtu ninayemfahamu." Chini kulikuwa na dole gumba la wino wa buluu, limekandamizwa kwa nguvu mpaka mistari ya kidole ikapotea. Nilikwenda kumwona gerezani, nikamwomba anisimulie usiku ule kwa maneno yake. Alisema: "Alikuja. Akasema twende. Nikaenda." Nikamuuliza neno "majira" lina maana gani. Alinitazama, akatabasamu kwa adabu, akajibu: "Ndiyo." Nikamuuliza kama usiku ule mvua ilinyesha, akasema ndiyo. Baada ya dakika chache nikamuuliza kama usiku ule ulikuwa mkavu, akasema ndiyo, mzee.

Wewe umelelewa Rungwe, unajua kijana aliyefundwa vizuri hambishii mtu mzima, sembuse mtu mzima mwenye sare. Kwa kijana mwenye akili ya kutosha, adabu hiyo ina mpaka: akiona anatumbukizwa shimoni atakataa. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili haina mpaka, kwa sababu "ndiyo" ndilo neno lililompitisha salama maisha yake yote. Alipolisema nyumbani aliachwa apumzike. Alipolisema darasani mwalimu aliendelea na mwingine. Analitoa kituoni akitarajia matokeo yaleyale.

Sheria zetu zina kinga dhidi ya jambo hili, tena nzuri. Ungamo lililotolewa polisi halipokelewi ila likiwa la hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo ni wa upande wa mashtaka. Mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa kwa nini amekamatwa, kuonywa kwamba halazimiki kusema kitu, na kumwita ndugu au wakili. Mahojiano yana muda wa msingi wa saa 4, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Wakili akipinga maelezo mahakamani, jaji husimamisha shauri na kuendesha kesi ndogo ndani ya kesi kubwa ili aone kama ungamo lilikuwa huru. Tangu mwaka 1967 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitahadharisha kuhusu kumtia mtu hatiani kwa ungamo alilolikana bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, na majaji wetu wameendelea kuifuata tahadhari hiyo. Lakini majaji haohao wamekuwa wakirudia kwamba shahidi bora kuliko wote ni mshtakiwa anayekiri mwenyewe. Kauli hiyo hunipa wasiwasi kila ninapoisikia, kwa kuwa inamfikiria mshtakiwa anayejua maana ya kukiri.

Maelezo ya yule kijana wa milimani yalikataliwa na mahakama. Yalikataliwa kwa sababu yaliandikwa nje ya muda wa kisheria. Suala la kutokuelewa kwake halikufikiwa kabisa. Nilifurahi kwa ajili yake, na nikaondoka nikiwaza kwamba kama askari angewahi mapema siku hiyo, "majira" ingekuwa kauli yake mpaka leo.

Utauliza: je, hali ya akili yake haiwezi kuwa utetezi wenyewe? Inaweza, ila kwa sehemu ndogo. Sheria yetu inautambua wendawazimu, yaani mtu ambaye kwa ugonjwa wa akili hakuweza kufahamu alichokuwa akitenda au kwamba hakikupaswa kutendwa. Suala hilo likiibuliwa, mahakama huamuru apelekwe kupimwa, na kwa kesi nyingi hiyo ina maana ya safari ya Dodoma, kwenye taasisi ya Isanga iliyo chini ya hospitali ya Mirembe. Daktari ataandika kama alikuwa mgonjwa au mzima. Mdogo wako siye mwendawazimu. Anajua kuiba ni vibaya, anajua Jumapili ni siku ya kanisa, na kwenye kipimo hicho atarudi na barua inayosema ni mzima. Katikati ya wendawazimu na uzima kamili kuna watu wengi ambao wanajua wanachotenda lakini hawawezi kupima kitakachofuata, na Kanuni yetu ya Adhabu haijawawekea nafasi ya kupunguziwa kosa kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Uingereza iliweka nafasi hiyo mwaka 1957, miaka minne baada ya Bentley kunyongwa, na kesi yake ilikuwa miongoni mwa zilizowafanya watu wake wahoji sheria ile. Ninaamini Bunge letu linapaswa kuiweka pia, na nimelisema hilo kila nilipopewa nafasi.

Kuhusu kesi yenyewe, filamu imekuonyesha mengi. Ilisikilizwa kwa siku tatu, tarehe 9 hadi 11 Desemba 1952, mbele ya Jaji Mkuu Lord Goddard. Wazee wa baraza la hukumu walitumia dakika 75, wakamtia Bentley hatiani huku wakiomba ahurumiwe. Hawakuwa wameelezwa habari ya uzito wa akili yake. Waziri wa Mambo ya Ndani, David Maxwell Fyfe, alikataa kumhurumia ingawa wabunge takribani 200 walitia sahihi kumwombea. Alinyongwa saa 3 asubuhi, tarehe 28 Januari 1953, katika gereza la Wandsworth. Ambalo filamu haikuweza kukuonyesha, kwa kuwa ilitoka mwaka 1991, ni yaliyofuata. Mwaka 1993 ulitolewa msamaha uliohusu adhabu tu, hatia ikabaki palepale. Dada yake, Iris, alipigania jina la mdogo wake kwa zaidi ya miaka 40, akafariki Januari 1997. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Julai 1998, Mahakama ya Rufani chini ya Lord Bingham ilifuta hatia ile, ikasema kwamba jaji aliwaelekeza vibaya wazee wa baraza kuhusu nani anabeba mzigo wa kuthibitisha na kwa kiwango gani, na kwamba majumuisho yake yaliegemea upande mmoja kiasi cha kumnyima kijana yule haki ya kusikilizwa. Mahakama haikusema kwamba maneno ya juu ya paa hayakutamkwa. Ilisema hakupewa kesi ya haki, na hilo pekee lilitosha.

Kwetu sisi, jaji anayemtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia bado hana adhabu nyingine ya kuchagua zaidi ya kifo. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri dhidi ya Tanzania kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Kwa kuwa utekelezaji wa adhabu hiyo umesimama tangu 1994, aliyehukumiwa hubaki gerezani miaka na miaka akisubiri jambo asiloambiwa litakuja lini, isipokuwa Rais akitumia mamlaka yake ya msamaha chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Nimekaa na watu walioko katika subira hiyo. Kwa kijana asiyeelewa kwa nini yuko pale, kila mlango ukigongwa ni siku yenyewe.

Basi fanya haya mapema, mwalimu, wakati mdogo wako yuko nyumbani na hakuna anayemtuhumu kwa lolote. Mpeleke hospitali ya wilaya, uombe apewe rufaa ya kupimwa Mbeya, na upate karatasi ya daktari inayoeleza uwezo wake wa kuelewa kwa maneno ya wazi. Waombe walimu waliomfundisha shule ya msingi waandike walichokiona. Nakala moja iwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, nyingine kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nyingine uifungie kwenye plastiki ikae nyumbani mahali ambapo hata jirani anaweza kuichukua. Siku akikamatwa, karatasi hiyo iende kituoni kabla maelezo hayajaandikwa, na uombe ipokelewe kwa maandishi. Tafuta msaidizi wa kisheria siku hiyohiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi, na huduma yao ni bure. Atakapopata wakili, mwambie habari ya ulemavu wake siku ya kwanza, kwa sababu maelezo ya polisi hupingwa kabla hayajapokewa kama kielelezo. Yakishapokewa bila pingamizi, kuyatoa ni kazi ngumu kuliko kuyazuia.

Na mdogo wako mwenyewe umfundishe sentensi moja. Usimfundishe sheria, hataikumbuka. Mfundishe kama ulivyomfundisha jina lake na jina la kijiji, jioni baada ya jioni, wewe ukijifanya askari unayeuliza kwa upole, kisha askari unayeuliza kwa ukali, mpaka itoke mahali ambapo "ndiyo" ilikuwa inatoka: "Naomba dada yangu aitwe kwanza."